Muziki na Mbwa wa Bandani: Yanayojulikana na Namna ya Kuyapima

Katika miji iliyokuzwa na dhahabu, kama vile Kahama, Geita na Katoro, mbwa amepata kazi ambayo mababu zake hawakuwa nayo. Zamani, katika nchi ya Usukuma, mbwa aliongozana na wachungaji na wawindaji mchana, na usiku akalala uani, akibweka fisi walipoikaribia kaya. Hakufungiwa, wala hakujengewa nyumba. Migodi mikubwa ilipofunguliwa, ule wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo walipozidi kwenye maduara, makarasha na mialo, mali ya kulindwa iliongezeka, na mbwa wa ulinzi akawa sehemu ya kawaida ya maisha ya miji hiyo.

Maisha ya mbwa huyu ni ya namna ya pekee. Aghalabu hufungiwa bandani tangu asubuhi hadi jioni, katika chumba cha matofali ya saruji kilichoezekwa kwa bati, akiwa na mbwa wenziwe upande huu na upande huu. Usiku hutolewa akalinde. Hivyo mchana ndio wakati wake wa kulala. Na mchana huo huo ndio wakati wa kelele za karasha, pikipiki, lori na wapita njia. Mbwa mmoja akibweka, wote hujibu. Si ajabu, basi, kukuta mwenye banda amewasha redio karibu na mlango, akiamini kwamba muziki huwatuliza wanyama wake. Je, redio hiyo humtuliza mbwa, au humtuliza mwenye mbwa peke yake?

Swali hili laweza kuonekana la mzaha. Lakini ni swali zuri la sayansi, kwa sababu limekwisha kupimwa katika nchi kadhaa, na kwa sababu namna lilivyopimwa inaweza kufuatwa na shule yoyote ya sekondari isiyo na maabara ya gharama.

Kelele za bandani

Kabla ya kuuliza muziki unafanya nini, hapana budi kujua sikio la mbwa linapokea nini. Sikio la mwanadamu kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde, yaani hezi 20, mpaka hezi 20,000. Mbwa huanzia karibu na hezi 67 na kufika hezi 45,000. Maana yake ni kwamba mngurumo mzito kabisa wa ngoma kubwa mwanadamu huusikia vizuri kuliko mbwa, bali milio myembamba mbwa huisikia hata pale ambapo mwanadamu haambulii kitu. Mlio wa bawaba kavu, wa waya wa umeme au wa bati linalosuguana waweza kumsumbua mbwa mchana kutwa, na mwenye banda asijue lolote.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na hapa wanafunzi wengi hukosea. Desibeli hazijumlishwi kama kilo za pamba. Kila nyongeza ya desibeli 10 ina maana kwamba nguvu ya mawimbi ya sauti imezidishwa mara 10. Kwa hiyo sauti ya desibeli 100 ina nguvu mara 100 kuliko sauti ya desibeli 80. Mbwa mmoja akitoa desibeli 95 mahali fulani, mbwa kumi wa sauti sawa, waliosimama kwa umbali ule ule, hawatoi 950, hutoa 105. Kadhalika, mahali palipo wazi sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kubweka kwa desibeli 100 kwa umbali wa mita 1 kutakuwa 94 kwenye mita 2, 88 kwenye mita 4, na 82 kwenye mita 8. Lakini ndani ya banda la saruji na bati hesabu hiyo haifuatwi, maana kuta ngumu huirudisha sauti badala ya kuimeza, na mbwa aliye pembeni hupata karibu kelele sawa na aliye katikati.

Vipimo vilivyofanywa katika mabanda ya mbwa ya Uingereza na Marekani vimeonyesha kwamba kelele za humo mara nyingi huvuka desibeli 100. Kwa wafanyakazi wa viwandani, kipimo kinachotumiwa na nchi nyingi ni desibeli 85 kwa muda usiozidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hukatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Ukiendelea hivyo utakuta kwamba desibeli 100 huruhusiwa kwa dakika 15 tu. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya sikio la mtu, wala si la mbwa. Hata hivyo chembe za kusikilia katika sikio la ndani la wanyama hawa wawili hufanana, na zikiisha kufa hazioti tena. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya mbwa 14 ambao usikivu wao ulipimwa walipoingia bandani na kupimwa tena baada ya miezi sita. Wote 14 walikuwa wamepata mabadiliko ya usikivu.

Mwenye mbwa wa ulinzi ayatafakari hayo. Mbwa aliyenunuliwa kwa ajili ya masikio yake, akiharibiwa masikio kwa kufungiwa mahali pabaya, atalala fofofo mwizi akikata waya. Na mtu anayewalisha na kuwafagilia mbwa hao kila siku naye ana masikio.

Majaribio yaliyofanywa

Msukuma hahitaji kuambiwa na maabara kwamba muziki hugusa mwili. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe hupanda na kushuka kwa pigo moja, na shamba ambalo lingewachosha watu wachache humalizwa na kundi linaloimba. Lakini muziki huo huamsha, hautulizi. Tena wakulima wale wanaijua ngoma yao, wanajua maneno yake, na wanajua kwamba wanatazamwa. Mbwa hana habari ya maneno wala ya sifa. Kwake muziki ni mfululizo wa mitetemo tu: mirefu au mifupi, mikubwa au midogo, ya haraka au ya polepole.

Jaribio linalotajwa zaidi lilitolewa mwaka 2002 na Deborah Wells na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast. Walichukua mbwa 50 waliokuwa katika kituo cha mbwa waliotelekezwa, wakawasikilizisha sauti za aina nne kwa nyakati mbalimbali: mazungumzo ya watu, muziki wa klasiki wa Ulaya, muziki wa popu, na ule muziki wa magitaa makali ya umeme uitwao hevi metali. Hali ya tano ilikuwa ukimya, yaani bila sauti yoyote iliyoongezwa. Kwa muziki wa klasiki mbwa walilala na kutulia zaidi. Kwa hevi metali walibweka zaidi. Mazungumzo na muziki wa popu havikuonyesha tofauti ya maana na ile hali ya tano. Labda kwa sababu mbwa wale walikwisha kuzoea kusikia redio.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, Lori Kogan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walitazama mbwa 117 kwa muda wa miezi minne. Matokeo yao yalikubaliana na ya Belfast katika mambo makubwa: kwa klasiki, usingizi zaidi na kelele chache, kwa hevi metali, kutetemeka mwili. La kuchekesha kidogo ni kwamba walijaribu pia muziki uliotungwa na kuuzwa makusudi kwa ajili ya kutuliza mbwa, nao ukaonekana kufanya kazi ndogo kuliko ule uliotungwa karne nyingi zilizopita kwa ajili ya watu.

Huko Scotland watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow hawakutosheka na kutazama kwa macho. Walipima mapigo ya moyo. Jambo hili lahitaji maelezo, kwa kuwa wanafunzi hudhani kwamba moyo wa mnyama aliyetulia hupiga sawasawa kama saa ya ukutani. Sivyo. Moyo huongozwa na neva za aina mbili, moja ya kuharakisha na nyingine ya kutuliza. Mnyama anapokuwa na amani, neva ya kutuliza hufanya kazi yake, na nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika kidogo kufuatana na pumzi. Anapokuwa na hofu, neva ya kuharakisha hutawala na mapigo huwa ya nafasi zinazokaribiana mno. Basi, kadiri nafasi hizo zinavyotofautiana, ndivyo mnyama anavyohesabiwa kuwa ametulia.

Katika matokeo yao ya mwaka 2015 mbwa waliopigiwa muziki wa klasiki walionyesha utulivu, kwa mwili na kwa moyo; lakini wiki haikuisha kabla ya utulivu huo kufifia. Mbwa walikuwa wameuzoea. Kwa hiyo mwaka 2017 walijaribu kubadilisha aina ya muziki kila siku: roki laini, muziki wa Motown, popu, rege na klasiki. Kila muziki ulipopigwa, wa aina yoyote, mbwa walilala chini kwa muda mrefu zaidi na kusimama kwa muda mfupi zaidi. Mioyo yao ilionyesha utulivu zaidi kwa roki laini na kwa rege. Kuhusu kubweka, muziki haukupunguza kitu; na muziki ulipozimwa, mbwa walielekea kubweka zaidi. Mwenye banda anayewasha redio saa mbili asubuhi na kuizima ghafla saa sita mchana ayafikirie hayo.

Jaribio moja zaidi linafaa kutajwa kwa sababu linapingana kidogo na lile la Belfast. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza walilinganisha muziki na sauti ya mtu anayesoma kitabu, iliyorekodiwa. Mbwa 31 walitazamwa, na sauti ya msomaji iliwatuliza kuliko muziki wowote uliojaribiwa. Belfast mazungumzo hayakusaidia. Hapa kisomo kilisaidia. Pengine tofauti iko katika sauti yenyewe. Mazungumzo ya redio hukatizwa na vicheko na matangazo, lakini msomaji mmoja huenda kwa mwendo mmoja.

Tukio hili la sayansi kutokubaliana na sayansi lisimvunje moyo mwanafunzi. Yanayokubaliwa na karibu wote ni kwamba sauti ya taratibu, isiyo kubwa, isiyo na vishindo, humsaidia mbwa aliyefungiwa kwa kiasi fulani. Kwamba sauti kali ya haraka humsumbua. Na kwamba msaada huo hupungua mbwa akishauzoea. Singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, ikipigwa kwa spika kubwa kando ya banda, ina dalili zote za muziki usiofaa kwa kazi hii, hata kama inawafaa sana vijana wa Katoro siku ya Jumamosi. Mwendo wa polepole wa zeze au wa marimba ya mkono una dalili za muziki unaofaa. Dalili, hata hivyo, si matokeo, na hapa ndipo shule zinapoweza kuingia.

Nyoka wa Bayeye

Katika michezo ya ngoma ya Wasukuma wamo Bayeye, chama cha waganga wa nyoka, ambao hucheza na chatu mbele ya watu. Mtazamaji mgeni husema, "Nyoka anacheza ngoma." Ameona ngoma ikipigwa, ameona chatu akijipinda, ameunganisha mambo mawili. Lakini nyoka hana tundu la sikio wala kiwambo cha sikio. Mitetemo humfikia sikio la ndani kwa njia ya mifupa ya taya, na ni mitetemo mizito tu. Sauti nyembamba za waimbaji hazimhusu kabisa. Kishindo cha ngoma na cha miguu ya wachezaji chaweza kumfikia kupitia ardhini, ni kweli. Lakini wakati huo huo mchezaji anamshika, anamgeuza, mikono inapita mbele ya macho yake, na joto la jua limempata. Lipi kati ya hayo limemfanya ajipinde? Ili kujua, ingebidi ngoma ipigwe bila mchezaji kumgusa, kisha mchezaji amguse bila ngoma kupigwa.

Kosa hilo hilo hufanywa na mwenye banda anayesema kwamba mbwa wake hutulia akiwasha redio. Huenda huwasha redio saa ya joto, ambapo mbwa wangelala hata bila redio. Huenda huwasha baada ya kuwalisha. Huenda mbwa hutulia kwa sababu yeye mwenyewe amefika.

Jaribio la shuleni

Tuseme shule imepata ruhusa ya kutazama banda lenye mbwa 6. Tahadhari kwanza: mwanafunzi yeyote asimguse mbwa wala asiingize mkono bandani, na kazi yote ifanywe kutoka nje ya uzio. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakiponi. Atakayeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Njia ya kutazama ni rahisi. Kwa muda wa saa moja, kila baada ya dakika 5, mwanafunzi hutupa jicho kwa kila mbwa na kuandika alama moja tu: amelala, amesimama, anatembea, au anabweka. Hapo kila mbwa atapata alama 12, na banda zima alama 72. Sauti ya redio au simu isizidi sauti ya watu wawili wanaoongea kwa upole, yaani desibeli 60 hivi mahali alipo mbwa. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kuwekewa programu ya kupimia sauti. Haziaminiki kama chombo cha maabara, lakini hutosha kwa kulinganisha.

Uchukuliwe sasa mfano wa kubuni. Siku ya kwanza, bila muziki, alama za "amelala" ni 30 kati ya 72, yaani asilimia 42. Siku ya pili, kwa muziki, ni 44, yaani asilimia 61. Darasa zima litashangilia, na wanafunzi watataka kuandika kwamba muziki umefaulu. Mwalimu awazuie. Siku ya tatu warudi bila muziki, saa ile ile. Wakipata alama 41, yaani asilimia 57, furaha itapungua mara moja: muziki haupo na mbwa bado wamelala. Yaelekea siku ya kwanza mbwa walisimama kwa kuwa walikuwa wakiwatazama wageni, na siku zilizofuata waliwazoea. Kama siku ya tatu alama zingerudi kwenye 31 au 32, hapo hoja ya muziki ingepata nguvu, na ingepata nguvu zaidi kama mzunguko huo ungerudiwa mara kadhaa kwa mpangilio wa kupigiwa kura, si wa kuchaguliwa na mtu anayependa jibu fulani.

Liko jambo jingine ambalo hata watafiti wakubwa hulisahau. Mwanafunzi anayesikia muziki huku akiandika alama atakuwa na shauku ya kumwona mbwa amelala, na mbwa aliyejilaza nusu nusu atahesabiwa kuwa amelala. Dawa yake ni kuchukua picha za video kwa simu, kuondoa sauti, na kumpa mwanafunzi mwingine azihesabu bila kujua ni siku ya muziki au ya ukimya. Darasa likifanya hesabu kwa njia zote mbili, kisha likalinganisha majibu, litajifunza kuhusu macho ya binadamu pengine kuliko kuhusu mbwa.

Na kabla ya redio kununuliwa kwa ajili ya banda lolote, yako mambo ya bei ndogo ambayo fizikia yenyewe inayaelekeza: kuyagawa mabanda ili mbwa wasionane uso kwa uso, kuziba mapengo ya bati yanayogongana, kutandika nyasi au magunia juu ya dari ili yameze sauti, kuligeuza banda lisielekee karasha, na kumtoa mbwa atembee na mtu anayemjua. Mbwa asiyetembezwa hatatulizwa na rege.

Maswali ya darasani: (1) Banda lina mbwa 10, na kelele yao yote pamoja ni desibeli 104. Watano wakihamishwa, kelele itakuwa desibeli ngapi? (2) Karasha linatoa desibeli 91 kwa umbali wa mita 4. Banda lijengwe mita ngapi kutoka hapo, mahali pa wazi, ili kelele ishuke hadi desibeli 73? (3) Mwenye banda mmoja wa Kahama anasema kwamba mbwa wake hutulia akiwasomea gazeti. Pangeni jaribio litakalotenganisha sauti yake na kuwapo kwake.